Kibendera cha Marehemu

Kwa mambo ya mapenzi hakuna wa kunifundisha. Wachumba niliowaunganisha ni wengi kuliko vifungo vya gauni langu la kutokea, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilalamikia. Haya, acheni niseme kweli kabla hamjaniumbua: gauni lenyewe lina vifungo vitatu, na hao wasiorudi walikosa nauli. Lakini habari ya Mteuzi na Vidole naijua mpaka kwenye pindo. Za nyota zilizomo ndani yake nawapa kama nilivyopewa. Shule yangu iliishia ya msingi, na hata huko nilikaa karibu na dirisha.

Mteuzi lilikuwa jina la kazini. Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, alilidaka akalileta nyumbani, akawa analitumia hasa siku za kumkera. Mteuzi haishi tamaa, na mtoto huyu wa kaka yake alikuwa ameanza kuota mvi za ndevu bila mke. Asubuhi hiyo chai ilikuwa imepoa mbele yake na mkate haujaguswa. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Midomo yake ilibana pini, na bado alisema kuliko mtu asiye na pini.

"Kunywa hiyo chai. Ikipoa zaidi ya hapo nitakuosha nayo uso."

"Nakunywa, Shangazi."

"Unaitazama. Najua kutazama ndiyo kazi yenu huko, lakini chai hainywewi kwa macho."

Mteuzi akakisogeza kikombe. "Kibendera kimerudi."

Pini zikatoka mdomoni mwa Shangazi moja moja, zikachomekwa kwenye mto wake. Hilo halikuwa jambo la kusemwa na pini mdomoni.

"Cha marehemu?"

"Cha marehemu."

"Na neno lile?"

"Lile lile. *Bado*."

Ngojeni niwape habari ya kibendera, msije mkadhani hawa wawili wamerukwa na akili. Pale kazini kwa Mteuzi walikuwa wanaihesabu mbingu, sensa kabisa. Darubini inapiga picha anga kipande kwa kipande, na kila kidoa cha mwanga kinapimwa: kinang'aa kiasi gani, kina rangi gani kikitazamwa kwa kioo chekundu, kwa cha kijani, kwa cha buluu, ni nukta au kimetanda kama tone la wino kwenye karatasi. Lakini picha haisemi kitu ni nini. Ili ujue, lazima mwanga wa kitu hicho uchukuliwe peke yake, upasuliwe rangi rangi kama upinde wa mvua, na humo ndimo kinamojitaja: mimi ni nyota, mimi niko mbali, mimi nimezeeka. Kazi hiyo ni ya taratibu na nafasi zake ni chache. Ni kama harusi: mtaa mzima unataka kuja, viti ni vya ukumbi mmoja.

Basi kuna programu ya kuchagua waalikwa. Chenye rangi ya ajabu kinapewa kibendera cha "kipimwe". Kilicho hafifu mno, "kiachwe". Kilichokaa kando ya nyota kali mpaka mng'ao wa jirani ukakimwagikia, "kisiaminiwe". Na pale programu inapokwama hukaa mtu, akatazama kwa jicho lake, akaweka kibendera cha mkono, na kando yake akaandika sababu. Kibendera cha mkono kina kiburi kama mama wa bwana harusi: akishasema fulani aingie, mlangoni hakuna anayeuliza.

Mtu huyo wa kutazama zamani alikuwa Jicho. Ndiye aliyemfundisha Mteuzi kazi, na kumgawia chakula chake siku Mteuzi aliposahau kubeba, yaani karibu kila siku. Wenzake waliandika sababu ndefu za kujionyesha. Jicho aliandika neno moja tu: *Bado*. Maana yake, hatujajua bado, kipimwe. Kisha akaugua kifua, na kifua kikamshinda. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Aliacha mke, huyo Vidole wa ghorofa ya chini, aliacha kiti kilichoinamia kushoto alikozoea kuegemea, na aliacha alama yake ndani ya kompyuta, jicho dogo lililo wazi.

Na palikuwa na kidoa kimoja cha buluu. Kilikaa kando ya nyota kali, programu ikakikataa, Jicho akakipenda. Mteuzi alipokalia kile kiti hakuwa amemaliza hata kuzoea mguno wake, akaona kidoa kina kibendera cha mkono. Jicho dogo lililo wazi. *Bado*. Akadhani ni cha zamani, akakiondoa. Kikarudi. Akakiondoa tena. Kikarudi.

"Maiti anayekwenda kazini," alisema Shangazi. "Hata walio hai pale kwenu hawaendi."

"Shangazi, si mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Nywele zimenisimama mpaka kilemba kimepanda. Sikiliza, baba. Mimi mjane simkatai. Mjane amekwisha kupikwa na dunia, anajua thamani ya mtu anayekoroma pembeni. Ninachokataa ni kukuoza penye mume mwenza. Wake wenza tunawajua, tumewaona. Wewe unakwenda kugawana mke na marehemu, na zamu za usiku zote ni zake!"

"Nampenda."

"Nani kauliza hilo? Hata viti vya hapa ndani vinajua. Yeye anasemaje?"

"Anasema nimpe muda. Kila nikimuuliza, ananiambia nimpe muda. Basi nampa muda, sishuki kule chini kwenye chumba chake cha kazi, nakaa zangu juu na kazi zangu. Na kila nikikaa hivyo kidogo, kibendera kinarudi."

Shangazi alikuwa ameshanyanyua mkasi. Akaushusha.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Ulipoacha kushuka."

"Nikiacha kushuka, kinarudi. Ni kama ananiambia, umeanza kumzoea mke wangu hata huji tena kuomba ruhusa."

Shangazi akamtazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati kinyume akiwa ameshafika kanisani. Kisha akazirudisha pini mdomoni, zote.

"Safari hii umekiondoa?" aliuliza katikati ya pini.

"Mkono ulikataa. Nikakiacha kipite. Sinia la bati la kupimia limeshatobolewa tundu lake, leo liko mezani kwa Vidole."

"Basi shuka leo. Mpelekee maneno hadi mwisho wake. Akikujibu hapana, au akikujibu tena habari za muda, kesho naingia kwa fundi miwani kumposa binti yake. Yule naye mzuri, na kwa baba yule hatakosa miwani ya kukuona vizuri."

*

Mteuzi alifika kazini mvua ikianza kutishia kunyesha. Alikaa. Kiti kikaguna kabla hajauweka uzito wote, kama kawaida yake, kana kwamba Jicho mwenyewe ndiye anayesogea kumpisha. Mbele yake kioo cha kompyuta kilikuwa bado hakijawaka, na ndani ya weusi ule aliuona uso wake na nyuma yake mlango. Alijua mlango umefungwa. Aligeuka hata hivyo.

Alifungua picha ya kidoa. Nyota kali ilikuwa imetapakaza mng'ao wake wote, na pembeni, kama mtu aliyejibanza kando ya taa ya harusi ya watu, kidoa cha buluu. Juu yake jicho dogo. Chini yake, *Bado*.

"Kaka," alisema Mteuzi kwa sauti ya chini, na aliona haya kuisikia sauti yake, "kama ni hapana, iseme basi hapana. Hii bado yako inaniua."

Mvua ikaanza.

Ofisi za sensa hiyo zilikuwa ghorofa tatu. Juu kabisa walikaa wanaosoma mwanga uliokwisha kupasuliwa, watu wa maringo kidogo, waliosalimiana na wenzao kwenye ngazi tu. Katikati alikaa Mteuzi. Chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha kwa sababu ya vumbi, palikuwa na masinia, na kwenye masinia palikuwa na Vidole.

Sinia ni bamba la bati, duara, pana kama meza ya watu sita. Kila kitu kilichochaguliwa mbinguni kinatobolewa tundu lake mahali pake hasa, na katika kila tundu unachomekwa uzi wa kioo. Usiku sinia linafungwa kwenye darubini, kila nyota inaangukia tundu lake, mwanga unateremka na uzi kwenda kupasuliwa. Lakini kuchomeka ni kazi ya mkono wa mtu, uzi mmoja mmoja. Vidole alichomeka kuliko yeyote, ndiyo maana ya jina. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na macho makubwa, na tangu kifo cha mumewe hakuwa amebadilisha mahali anapotundika mkoba wake: msumari wa pili, wa kwanza ulikuwa wa koti la Jicho.

"Karibu, shemeji. Viatu."

Shemeji. Neno hilo lilikuwa mlango wa chuma. Jicho alimwita Mteuzi ndugu, basi mke wa Jicho alimwita shemeji, na hakuna aliyeubomoa mlango huo tangu wakati ule. Mteuzi alivua viatu, akaingia.

"Na hilo tundu kwenye soksi ni la nini?" aliuliza Vidole bila kuinua kichwa. "La nyota, au la pasipo kitu?"

"La pasipo kitu."

"Basi nalo lina kazi yake."

Ni kweli, maana hata mimi nilipoambiwa nilicheka. Kwenye kila sinia yako matundu yanayoelekezwa mahali patupu, pasipo na nyota wala chochote, na Vidole aliyazungushia wino mweusi. Giza nalo lina mwanga wake mdogo. Usipolipima ukalitoa, utadhani ni wa nyota.

Mteuzi alilizunguka sinia. Nyuzi zilikuwa zimeshachomekwa karibu zote. Matundu machache tu yalibaki wazi, moja huku, moja kule. Na karibu kabisa na ukingo, kando ya tundu la skrubu, aliliona. Alikuwa ameitazama ramani yake mara nyingi mno kuweza kulikosea. Likawa linamtazama.

"Liko hapa," alisema. "Tundu lake."

"Lipi?"

"La kidoa cha marehemu."

"Mimi sijui, shemeji. Kwangu matundu ni matundu. Hayaji na majina." Uzi mmoja ukazama, tik. "Sijui hata liko upande gani."

"Hujui?"

"Nitajuaje? Nyinyi wa juu mnachagua, sisi wa chini tunachomeka. Kama ni kibendera chake kweli, basi mwenyewe ndiye ajuaye anachokitaka."

"Huogopi?"

"Naogopa." Aliinua macho, na ndani yake palikuwa na kitu, lakini Mteuzi hakuwa hodari wa kusoma vitu vya karibu. "Usiku mwingine naamka nasikia kikohozi chake. Naamka kabisa, nakwenda kuchemsha maji. Maji yakishachemka nakumbuka."

Mteuzi akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa sinia. Kati yao nyuzi zilining'inia kama nywele za mtu mkubwa aliyelala.

"Kidoa chenyewe alikipendea nini?"

"Ubishi tu." Akacheka kidogo. "Vitu vya buluu namna ile ni viwili, unajua mwenyewe. Ama ni moto wa mbali, mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hajazaliwa mtu yeyote. Ama ni kaa la nyota iliyokwisha kufa, hapa hapa jirani, linapoa. Kwa picha huwezi kuvitofautisha. Yeye akasema ni moto wa mbali. Mimi nikasema kaa."

"Mkaweka dau?"

"Atakayeshindwa amfulie mwenzake nguo mpaka uzeeni."

Uzeeni. Neno likakaa kati yao, na hakuna aliyetaka kuliondoa.

"Na nani alishinda?" aliuliza Mteuzi taratibu.

"Nani ajuaye, shemeji? Hakijapimwa hata siku moja. Programu ilikikataa, na mwenyewe akaenda kabla hajakiwekea kibendera."

Tik. Uzi mwingine.

"Usiniite shemeji."

Mkono wa Vidole ukasimama.

"Nikuite nini basi wewe? Mjomba?"

"Niite kwa jina langu au usiniite kabisa. Nimekuja kwa jibu. Nimechoka kukaa kwenye kiti cha mtu, nikiomba ruhusa kwa mtu, nikimpenda mke wa mtu. Nampima marehemu kila siku kama mnavyolipima giza, ili nimtoe, nione kilichobaki ni changu au si changu. Na kila nikimtoa, anarudi na *Bado* yake. Kama unaniona sifai, sema. Shangazi kesho anakwenda kwa fundi miwani."

"Kufanya nini?"

"Kuposa."

"Miwani?"

"Binti!"

"Oh," alisema Vidole. Akaokota uzi, akauangusha, akauokota tena. Vidole ambavyo havikuwahi kuangusha uzi. "Ana macho mabovu?"

"Nani?"

"Huyo binti."

"Sijui macho yake! Nakuuliza wewe!"

Ndipo umeme ulipokatika.

Chumba kile hakikuwa na dirisha, nimewaambia. Giza lililoingia halikuwa la mchana wa mvua, lilikuwa giza la ndani ya mtungi. Feni ya kompyuta ya pembeni ikaguna, ikanyamaza. Mvua juu, kimya chini. Mteuzi akahisi baridi ikipanda kutoka kwenye tundu la soksi mpaka shingoni. Na katika kimya kile, mbele yake, karibu na ukingo wa sinia, akasikia.

Tik.

"Nani?" alisema, na sauti haikuwa ya mwanaume mwenye mvi.

"Nani, nani?" Vidole alijibu. "Tuko wawili humu."

"Umesikia?"

"Nimesikia mvua."

Alipapasa mfuko, akatoa simu, akawasha tochi. Mwanga ukapita juu ya sinia. Matundu machache yalikuwa bado wazi, moja huku, moja kule, yale yale. Ila moja. Karibu na ukingo, kando ya tundu la skrubu, uzi ulikuwa umesimama wima umekaa barabara, na ncha yake ilikuwa bado inatikisika.

Mteuzi akaupeleka mwanga taratibu kufuata uzi ule, mpaka kwenye mkono, mpaka kwenye uso.

"Ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Umechomeka gizani. Mara moja tu, bila kupapasa. Tundu ambalo hujui hata liko upande gani."

"Vidole vyangu vina macho, shemeji. Ndiyo jina lenyewe."

"Na vibendera navyo viliwekwa na vidole vyenye macho?"

Vidole akakaa chini, sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza, na Mteuzi akaishusha tochi isimpige usoni.

"Neno lake la siri la kuingilia kompyuta lilikuwa jina alilokuwa akiniita chumbani," alisema. "Usiniulize."

"Siulizi."

"Mtu akifa wanakumbuka kufunga dirisha la ofisi yake, hawakumbuki kufunga jina lake. Siku moja nikaliandika kwenye ile kompyuta ya kuripotia masinia. Nilitaka kuona tu. Nikajua litakataa. Likakubali, Mteuzi. Lilifunguka kama vile yuko ndani na amesikia hodi yangu. Nikaiona alama yake, lile jicho. Nililia mpaka nikashindwa kuuona ubao wa herufi. Nikaandika *Bado*, maana ndivyo angeandika. Na maana ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa bado."

Vidole alimwita Mteuzi. Aliliacha shemeji. Mwenyewe hakugundua; mwenzake alilisikia kama kengele.

"Umenitesa. Unajua nimekuwa nikimsalimia kila asubuhi? Naingia nasema shikamoo kaka, kwenye kiti kitupu."

Pale sakafuni, ndani ya machozi, Vidole alicheka. "Shikamoo? Ulimzidi umri!"

"Marehemu wote ni wakubwa."

"Nisamehe. Nilitaka kipimwe tu. Alikufa anakingojea. Leo usiku kitapimwa, kwa mara ya kwanza, tutajua ni nini, nami nitaweza kulikunja koti lake nilitoe msumarini. Baada ya hapo nitakujibu. Nakuapia."

"Nilidhani ni yeye ananikataa."

"Jicho? Akukatae wewe?" Alijifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Unajua tena habari za masinia. Vitu viwili vikikaribiana mno haviwezi kupata matundu kwenye sinia moja, vichwa vya nyuzi vinagongana. Kimoja kinapewa, kimoja kinasubiri sinia lingine. Haimaanishi kinachosubiri hakifai. Jicho alikuwa akisema hivyo habari zako. Anasema, huyu bwana mzuri, anasubiri sinia lake. Sikuelewa alikuwa anasema nini. Jicho hakujua kumkataa mtu. Hakujua hata kushinda. Akikushinda kitu anaona huruma, anakurudishia. Hata dau letu lile, angekuwepo siku ile nilipoona amenishinda, angebeba beseni akafua mwenyewe na kuniomba radhi kwa..."

Akaziba mdomo kwa mkono.

Mvua nayo, kama shoga mbaya, ikapungua wakati ule ule, ili asikose kusikiwa.

"Siku ipi?" aliuliza Mteuzi.

"Siku yoyote. Nasema tu."

"Umesema siku ile ulipoona amekushinda."

"Nilitaka kusema kama angenishinda."

"Kwa hiyo ni moto wa mbali. Si kaa."

Vidole akatazama mlango. Mlango ulikuwa gizani, lakini aliutazama kama mtu anayesubiri gari.

"Kwa picha huwezi kuvitofautisha," aliendelea Mteuzi, na sasa kwa mara ya kwanza tangu akalie kile kiti kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi bila woga. "Umesema mwenyewe. Lazima mwanga upasuliwe. Basi ulishapasuliwa. Lini? Kabla yangu. Kiti kilipokuwa kitupu na hakuna wa kuondoa kibendera, uliweka kimoja, kikapita, ukachomeka mwenyewe, wale wa juu wakasoma, ukapanda ngazi ukawauliza. Ndivyo?"

Vidole akavuta pindo la gauni lake, akalikunja.

"Ahadi ya marehemu ulishaitimiza kabla sijakaa. Basi hivi vingine vyote, vilivyonipandisha shinikizo la damu, vilikuwa vya nini?"

"Programu pengine..."

"Programu haiandiki *Bado*."

Alizunguka sinia kwa soksi zake, akachuchumaa mbele yake. Alikumbuka asubuhi, mkasi wa Shangazi ukishuka, na yale macho ya kumtazama mtu aliyevaa shati kinyume. *Ulipoacha kushuka.* Kila alipoona kibendera, alifanya nini? Alishuka ngazi. Alivua viatu. Alikaa kwenye kigoda hiki akauliza maswali mpaka saa za kazi zikaisha. Na alipoondoka na kukaa kimya huko juu, siku chache, jicho dogo lililo wazi.

"Vidole," alisema, polepole, maana alikuwa na hofu mpya sasa, na hii haikuwa ya wafu. "Ulikuwa unamwita nani?"

Alikuwa karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi yake. Tochi ya simu ilikuwa imelala sakafuni, inaimulika dari bure. Mikono ya Vidole ilitafuta uzi wa kushika pande zote mbili, haikuupata.

"Taa zimerudi," alisema Vidole.

Taa hazikuwa zimerudi.